DAMU YA LEO NA SUKARI YA KESHO



Katika sanduku la maswali tulikuta karatasi moja iliyokunjwa mara nne, bila jina. Iliandikwa hivi: "Papa yangu alipimwa damu. Walimwambia leo hana ugonjwa wa sukari, lakini kisha miaka tatu utamukamata. Mutu anajua namna gani ugonjwa wenye haujafika? Ule ni munganga ao ni nabii?"

Tuliona kama swali hili linapita maswali yote ya mwezi ule (mengine yalikuwa juu ya maharagi ya internati). Kisha siku mbili mwenye kuandika alijitokeza mwenyewe, akatueleza habari yote, na akatupa ruhusa ya kuiandika bila jina lake. Baba yake anafanya kazi ya reli. Asubuhi moja mtu alipita kule na kamashini kadogo ka kupimia sukari, akawatoboa wafanyakazi vidole, mmoja kwa mmoja. Kwa baba wa mwenzetu kamashini kaliandika 118. Yule mtu akatikisa kichwa, akasema: "Mzee, sukari iko njiani. Miaka tatu tu." Halafu akafungua mfuko wake na kumuuzia chupa mbili za dawa ya mizizi. Feza zilizolipa chupa zile zilikuwa zimewekwa kwa minervali.

Sisi tuliuliza swali moja tu: "Papa alikuwa amekula nini asubuhi ile?" Mwenzetu akawaza kidogo. Baba alikuwa amekunywa chai ya sukari na kula mikate ya mafuta mitatu, nusu saa mbele ya kutobolewa.

Basi, namba 118 katika damu ya mtu aliyetoka kula mikate mitatu na chai ya sukari ni namba ya mtu mzima kabisa. Haitabiri kitu. Tungeweza kufunga habari hapo, lakini swali la mwenzetu linabaki, kwa sababu wako wanganga wa kweli, wenye laboratwari ya kweli, wanaosema wanaweza kuona ugonjwa wa sukari mbele haujafika. Je, wanaona nini?

Tuanze na mwili. Bukari tunayokula, iwe ya mahindi ao ya mihogo, inageuka sukari tumboni na kuingia katika damu. Sukari ile haiwezi kuingia yenyewe katika nyama ya mwili. Inahitaji mtu wa kuifungulia mlango. Mfunguzi ni insulini, inayotengenezwa na kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo ambacho kitabu cha biolojia kinakiita pankreasi. Kwa mtu mzima sukari inapanda kisha chakula na kushuka tena. Kwa watu wengine milango inaanza kuwa migumu. Kongosho linaona hivyo na kutuma wafunguzi zaidi: wawili pahali pa mmoja, kisha watatu. Kwa miaka mingi mtu hasikii kitu. Anatembea, analima, anaimba katika kwaya, na kongosho lake linafanya kazi ya watu watatu. Siku linapochoka, sukari inapanda na kukaa juu. Siku ile njo tunasema mtu amepata ugonjwa wa sukari, lakini kwa kweli jambo lilianza zamani.

Kwa hiyo kutabiri huku hakuna siri. Munganga anatafuta alama za kuchoka mbele ya kuanguka, kama fundi wa reli anayegonga chuma kwa nyundo na kusikiliza sauti yake. Tena Yusufu kule Misri hakusifiwa paka juu ya kufasiri ng'ombe saba wembamba, alijenga maghala. Mtu anayekutabiria ugonjwa na kisha kukuuzia chupa, hajakujengea ghala.

Alama ya kwanza, iliyo rahisi kupita zote, ni sukari ya asubuhi mbele ya kula. Mtu anakaa saa nane bila kula, anakunywa maji matupu tu, halafu wanakamata damu. Ikifika miligramu 126 kwa desilita ao kupita, na ikirudia vile siku nyingine, ni ugonjwa wa sukari. Lakini kati ya mtu mzima na mgonjwa iko sehemu ya katikati, na hapa wakubwa wenyewe hawapatani. OMS inaanza kuhesabu katikati kwenye 110. Waamerika tangu mwaka 2003 wanaanza kwenye 100. Maana yake mtu mwenye 104 akiwa Geneva ni mzima, akipanda ndege na kushuka New York amekuwa karibu mgonjwa, na damu yake haikubadilika hata tone. Tunaandika hivi si kwa kuwacheka. Sukari inapanda polepole kama maji ya Lomami wakati wa mvua, na mwenye kuchora mstari ukingoni anachagua mwenyewe pahali pa kuuchora.

Alama ya pili inaomba saa mbili za kuvumilia. Mtu anakuja bila kula, wanampa kunywa gramu 75 za glukozi katika maji, na kisha saa mbili wanapima. Ikiwa chini ya 140, milango inafunguka vizuri. Kutoka 140 mpaka 199 ni katikati. Kutoka 200 ni ugonjwa. Kipimo hiki kinakamata watu ambao sukari yao ya asubuhi ni nzuri bado, kwa maana kinaupa mwili mzigo na kutazama kama utaubeba. Ubaya wake ni kwamba watu hawapendi kukaa saa mbili kwenye benchi, na wauguzi hawapendi vilevile.

Kwa Waafrika wa vijijini kipimo hiki kina historia iliyo karibu nasi. Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili, kule Dar es Salaam, walipima watu wazima na vijana 6.097 katika vijiji sita vya Tanzania, na wakaandika matokeo mwaka 1989. Wenye ugonjwa wa sukari walikuwa 53 tu, hawafiki hata mmoja kwa mia. Lakini wenye sukari ya katikati walikuwa 478, karibu nane kwa mia. Wakulima wa jembe, si watu wa ofisi! Tukizitazama namba hizo mbili pamoja tunaona mara moja kama katikati si njia moja yenye kupeleka watu wote pahali pamoja. Kama wale 478 wangekuwa wote njiani kuelekea ugonjwa, vijiji vile vingejaa wagonjwa tangu zamani. Wengine wanabaki katikati miaka mingi, wengine wanarudi nyuma na kuwa wazima, na sehemu yao wanavuka. Kipimo hakisemi nani katika wale. Kinasema tu kama katika kundi lile watavuka wengi kuliko katika kundi la wazima.

Hapo njo tofauti ya munganga na yule mtu wa chupa. Munganga akisema kweli anasema juu ya watu mia. Mwongo anasema juu yako wewe, na anakupa mwaka.

Sasa tufike kwenye kipimo cha tatu. Kwenye karatasi za laboratwari kinaandikwa HbA1c. Wengi wanakiita emoglobini ya sukari. Tunataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu hapa sisi watu wa Kongo tunaweza kudanganywa bila mtu kutaka kutudanganya.

Kila mmoja wetu anajua vumbi jekundu la kiangazi. Ukivaa shati nyeupe siku moja, inapata vumbi kidogo. Ukiivaa juma zima, kola inakuwa nyekundu. Mama akiitazama kola anajua mambo mawili: barabara ilikuwa na vumbi la namna gani, na shati ilivaliwa siku ngapi. Emoglobini, ile inayofanya damu kuwa nyekundu, ni kama shati ile. Sukari iliyo katika damu inaishikamania polepole, na ikishika haitoki. Chembe nyekundu ya damu inaishi kama siku 120. Kwa hiyo ukipima ni emoglobini ngapi kwa mia zimeshikwa na sukari, unajua namna sukari ilivyokuwa katika miezi miwili ao mitatu iliyopita, hata kama mtu amekula mikate asubuhi ile. Chini ya 5,7 kwa mia ni vizuri. Kutoka 5,7 mpaka 6,4 Waamerika wanasema ni katikati. Kutoka 6,5 ni ugonjwa. OMS ilikubali kipimo hiki kwa kutambua ugonjwa mwaka 2011. Ni kipimo cha akili sana. Mtu hafungi kula, hakai saa mbili, na namba inakumbuka miezi mizima.

Lakini fikiri: kama shati inafuliwa kisha siku tatu pahali pa saba, mama atasema barabara ni safi. Atakosea, wala si kwa ubaya. Njo vile iko kwa damu ya watu wengi wa huku. Kuna kitu katika chembe nyekundu kinachoitwa G6PD, kinachoilinda chembe isivunjike. Wanaume wengi wa Afrika wamezaliwa na G6PD iliyo dhaifu; inasaidia kidogo juu ya malaria, na kwa hiyo imeenea pahali pa malaria. Chembe zao zinakufa mapema. Mwaka 2017 wataalamu waliokusanya damu ya watu karibu 160.000 wa mataifa mbalimbali waliona kama mwanaume mwenye udhaifu huu kwa namna ya Kiafrika anaonyesha HbA1c iliyo chini kwa 0,8 hivi kuliko kweli yake. Hesabu mwenyewe: mtu aliye na ugonjwa kamili wa 6,7 anasoma 5,9. Walikadiria kama katika Amerika, kwa kutumia kipimo hiki peke yake, watu weusi karibu 650.000 wenye ugonjwa wa sukari wangeambiwa hawana.

Na jambo lingine linatugusa zaidi. Ni ile damu ya S, ambayo mtu akiwa nayo pande mbili anakuwa SS na kuteswa na maumivu ya mifupa tangu utoto, na akiwa nayo upande mmoja anakuwa AS, anaishi vizuri na mara nyingi hajui. Katika nchi yetu wanakadiria wenye AS kuwa kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa wanne, sehemu nyingi. Katika darasa la wanafunzi arobaini, basi, watakuwamo nane mpaka kumi. Mwaka 2017 tena, watafiti waliochunguza Waamerika weusi 4.620 waliona kama wenye AS wanasoma HbA1c chini ya wenzao kwa 0,3 hivi, hata sukari yao ikiwa sawasawa. Ni kidogo, lakini mpaka wa katikati ni mwembamba, na 0,3 inatosha kumvusha mtu upande usio wake.

Tulipomweleza mwenzetu haya, alinyamaza. Kisha akasema: "Dada yangu mudogo iko SS."

Wanafunzi wa biolojia wameshafahamu. Kama mtoto ni SS, alipokea S moja kwa baba na S moja kwa mama. Baba ni AS, hakuna njia nyingine, kwa maana baba mwenyewe hajaugua hata siku moja kwa namna ile. Kwa hiyo kama baba angetumwa Lubumbashi kupimwa HbA1c, na akarudi na 5,5, angeweza kufurahi bure. Kipimo cha kisasa kuliko vyote ni kibaya kwake, na kile cha zamani, cha kuja asubuhi na tumbo tupu, ni kizuri. Tunaomba wale waliotucheka darasani waliposikia habari za AS wasome mstari huu mara ya pili: kujua damu ya dada mdogo kumesaidia kuchagua kipimo cha baba.

Tusisahau na mambo madogo yanayoharibu namba. Mtu aliyetoka kuongezewa damu ya mwingine, HbA1c yake ni ya watu wawili. Malaria inavunja chembe na kuishusha. Kukosa chuma katika damu kunaweza kuipandisha. Na sukari ya kawaida nayo ina adui wake: damu ikiachwa katika kachupa kasiko na dawa ya fluoridi, chembe zenyewe zinaendelea kula sukari, kama sehemu 5 mpaka 7 kwa mia kila saa, na kwenye joto zaidi. Damu iliyokamatwa saa mbili asubuhi na kupimwa saa sita kwa sababu umeme ulikosa, inaweza kuwa imepoteza sehemu ya tano ya sukari yake. Mtu wa 120 anakuwa mtu wa 96 akiwa amelala kwake tu! Kwa hiyo ukikamatwa damu, usione haya kuuliza: "Mtaipima saa ngapi?"

Wengine watauliza kama hakuna kipimo kinachoona mbali zaidi, miaka kumi mbele. Kiko, lakini bado ni cha watafiti. Katika mji wa Framingham, kule Amerika, wanganga wanafuata watu wa pale tangu mwaka 1948, na damu nyingi ilitunzwa katika baridi kali. Mwaka 2011 walirudi kwenye damu ya watu 2.422 ambao zamani walikuwa na sukari nzuri. Katika miaka 12 watu 201 miongoni mwao walikuwa wameugua. Wakauliza: damu yao ya zamani ilikuwa tofauti namna gani, wakati walikuwa wazima bado? Wakakuta asidi amino tano, zile za protini tunazosoma katika kemia: lesini, isolesini, valini, tirosini na fenilalanini. Zilikuwa juu tangu wakati ule. Waliokuwa na tatu kati ya hizo juu sana walikuwa na hatari kupita mara tano ya wale waliokuwa nazo chini. Tunakiri kama habari hii ilitushangaza: damu ya mtu mzima, iliyolala katika barafu, ilikuwa na neno la miaka 12 mbele, na hakuna aliyejua kulisoma. Lakini watu wa Framingham waliopimwa karibu wote ni Wazungu, na mashini ya kuhesabu asidi hizi si ya kituo cha afya. Vilevile kupima jeni: hesabu nyingi za jeni zimetengenezwa kwa damu ya watu wa Ulaya, na zikiletwa kwetu zinakosea mara nyingi.

Juu ya watoto lazima tuseme kitu cha pekee, kwa maana kuna ugonjwa wa sukari wa namna nyingine, wa aina ya kwanza. Hapa askari wa mwili wenyewe wanashambulia kongosho na kuliua. Askari wale wanaacha alama katika damu, antikoro, miezi ao miaka mbele ya ugonjwa. Mwaka 2013 walitangaza habari za watoto 13.377 wa Finlandi, Ujerumani na Colorado waliofuatwa tangu utoto. Waliokuwa na antikoro mbili ao zaidi walikuwa 585, na karibu 70 kwa mia kati yao waliugua katika miaka kumi. Hiyo inakaribia utabiri kabisa. Na tangu mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2022 Amerika imekubali dawa moja, teplizumabi, ambayo katika majaribio ilisogeza ugonjwa mbele miaka kama miwili kwa wale waliokwisha kuonekana.

Je, tukipima antikoro za watoto wetu tutaona vilevile? Mwaka 2025 ilitoka kazi juu ya watoto na vijana 894 wenye ugonjwa wa sukari katika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, wote walioonekana kuwa wa aina ya kwanza. Kama 65 kwa mia hawakuwa na antikoro zile za kawaida. Kongosho lao lilishindwa kutengeneza insulini ya kutosha, lakini askari hawakuonekana. Kipimo kinachoona vizuri Finlandi kingewapita wengi wao bila kuwaona.

Mwaka uleule, kwenye mkutano wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Ugonjwa wa Sukari lilikubali jina la aina ya tano, ile inayokamata watu wembamba waliokosa chakula tangu utoto. Si jambo jipya: liliandikwa huko Jamaika mwaka 1955, OMS ililiweka katika orodha mwaka 1985 na kuliondoa mwaka 1999. Wakati mmoja walishitaki mihogo, juu ya ile sumu ya sianidi iliyo ndani. Sisi walaji wa bukari ya mihogo na sombe tulitaka kujua mwisho wa shauri lile. McLarty na wenzake walitazama watu wa Tanzania waliokula mihogo sana na wengine waliokula kidogo, na mwaka 1992 wakaandika kama wala mihogo hawakuwa na ugonjwa wa sukari kuliko wenzao. Mihogo ilishinda shauri. (Isiyolowekwa vizuri inaweza kuleta konzo, ugonjwa wa miguu unaojulikana sana huko Kwango, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Kwa mtoto, kipimo kinachookoa maisha huku kwetu si cha miaka kumi mbele. Ni cha leo. Mtoto anakunywa maji bila kushiba, anakojoa usiku kucha, anakonda huku anakula, kisha anaanza kupumua kwa nguvu. Watu wanasema malaria, wengine wanasema mengine yasiyostahili kuandikwa katika gazeti la masomo ya Kikristo. Tone moja la damu katika kamashini, ao kakaratasi katika mkojo, linaonyesha kweli kwa dakika moja. Mbele ya mwaka 1922 mtoto wa namna ile alikufa, awe wa Kamina ao wa Toronto. Mwaka ule kijana wa miaka 14 huko Toronto alipigwa sindano ya insulini, wa kwanza duniani. Mpaka leo mtoto asiyepimwa yuko bado katika mwaka 1921.

Turudi kwa wakubwa. Mtu akionekana yuko katikati, kuna kitu cha kufanya? Kama hakuna, basi kupima ni kuuza hofu tu. Kiko. Watu wa Da Qing, katika Uchina, walianza mwaka 1986 na watu 577 wenye sukari ya katikati; waliobadilisha chakula na kutembea, hata kisha miaka 30 walionekana ugonjwa wao ulichelewa karibu miaka minne. Katika Amerika walichukua watu 3.234, na mwaka 2002 walitoa matokeo. Walioachwa na mashauri ya kawaida: waliugua 11 kwa mia kila mwaka. Waliopewa kidonge cha metformini: 7,8. Waliotembea dakika 150 kwa juma na kupunguza uzito: 4,8. Miguu ilishinda kidonge. Tunaomba msomaji atazame pia namba ya kwanza kwa upande wa pili: hata bila kufanya kitu, 89 kwa mia hawakuugua mwaka ule. Yule mtu wa chupa angeweza kuwauzia wote 100, na mwaka ukiisha 89 wangesimama kanisani kushuhudia dawa yake.

Lakini watu wale wa Amerika walikuwa wanene. Baba wa mwenzetu ni mwembamba, anatembea juu ya reli siku nzima. Kumwambia apunguze uzito ni upuuzi, na kumkataza bukari ni kumdhoofisha. Kwake yeye lililo la kupunguza ni sukari ya kumimina katika chai, vijiko vinne kwa kikombe kwa ungamo la mtoto wake, na mikate ya mafuta ya kila asubuhi. Kalanga, maharagi, ndagala na lengalenga haviwezi kumdhuru. Munkoyo usiotiwa sukari na muuzaji ni afadhali kuliko ule uliotiwa. Juu ya lutuku hatuandiki kitu, Bwana Prefe anasoma.

Nani apimwe, basi? Hatushauri darasa zima likimbilie kituo cha afya. Mwenye zaidi ya miaka 40, mwenye mzazi ao ndugu aliyeugua, mwenye tumbo lililoongezeka, mwenye tansio, mama aliyepata sukari akiwa na mimba ao aliyezaa mtoto mkubwa sana: hao ndio wa kwanza. Mwaka 2021 walikadiria watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa wa sukari katika Afrika, na zaidi ya nusu yao hawakujua. Kwa wafundishaji wetu wengine, tunasema kwa heshima, umri umefika.

Mwenzetu alimsindikiza baba yake kwenye kituo cha afya siku ya Posho, mapema, baba amekunywa maji tu. Mwuguzi alikamata damu na kuipima palepale. Alisoma 104. Kisha majuma mawili walirudi: 101. Kwa mstari wa OMS ni mzima, kwa mstari wa Waamerika ameingia katikati kidogo, na mwuguzi, mwanamke wa akili, aliandika namba zote mbili katika kadi, akaandika "AS" kando yake kwa wino mwekundu, akamwambia arudi kisha mwaka mmoja, na tumbo tupu. Hakumwuzia kitu. Vijiko vya sukari vimeshuka kutoka vinne mpaka kimoja na nusu, na katika nyumba ile nusu ile bado inaleta maneno kila asubuhi.

Chupa moja ya mizizi inabaki haijafunguliwa. Mwenzetu aliileta kwa mwalimu wa kemia, naye ameiweka katika kabati ya laboratwari, rafu ya juu, pamoja na kadi ndogo yenye tarehe.